Uraia pacha na kamisheni ya jeshi: tuseme wazi ni lini kijana aukane uraia wa pili

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalogusa familia nyingi kuliko tunavyodhani, nalo ni sharti kwamba Mkenya mwenye uraia wa nchi nyingine aukane uraia huo kabla ya kupewa kamisheni, yaani kufanywa afisa, katika Majeshi ya Ulinzi ya Kenya. Sipingi sharti hilo. Naliunga mkono kwa moyo wangu wote, na nitaeleza sababu zangu. Linalonisumbua ni kwamba sharti zito namna hii linahitaji utaratibu ulioandikwa na kutangazwa, unaomweleza kijana aanzie wapi, aukane uraia wake lini, apewe muda gani, na nani atamhifadhia nafasi yake wakati anasubiri karatasi za nchi nyingine ambazo hana uwezo wa kuziharakisha.

Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 ilibadilisha kabisa maana ya uraia wetu. Kabla ya hapo, Mkenya mtu mzima aliyechukua uraia wa nchi nyingine alikuwa ameupoteza wa Kenya. Kifungu cha 16 kikaja kusema kwamba raia wa kuzaliwa haupotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na Kifungu cha 14 kikawapa wale waliokuwa wameupoteza haki ya kuomba warejeshewe. Lakini Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 78, ikaweka mpaka: afisa wa Serikali au mwanajeshi hatakuwa na uraia wa nchi mbili. Maneno hayo ni machache, na upana wake haujaeleweka na wengi. Nimewasikia watu wazima, tena wasomi, wakidhani yanamhusu Mkuu wa Majeshi na majenerali wake tu. Sivyo. Katiba inasema mwanajeshi, na mwanajeshi ni yule kurutu aliyehitimu Eldoret jana kama alivyo jenerali mwenye miaka thelathini ya utumishi.

Majirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine. Walipotunga sheria yao ya uraia pacha mwaka 2009, waliorodhesha vyeo ambavyo mwenye uraia wa nchi mbili hawezi kuvishika, na upande wa jeshi wakataja wakuu wa majeshi na wa matawi yake, makamanda wa vikosi vya kuanzia batalioni, na maafisa wanaosimamia kumbukumbu, wanajeshi na vifaa. Yaani walitazama nani ana amri na nani ana siri, wakafunga mlango hapo. Sisi tuliufunga langoni. Nadhani tulifanya vyema, kwa sababu luteni wa leo ndiye kanali wa baadaye, na si busara kumwacha mtu apande ngazi kwa miaka kumi na mitano halafu aambiwe kwamba sasa ndipo uaminifu wake unaanza kuhojiwa. Hata hivyo, anayefunga langoni ana wajibu wa kuandika langoni hapo, kwa herufi zinazosomeka, ni nani anaingia na kwa utaratibu upi.

Nieleze kwanza kwa nini naliunga mkono sharti lenyewe, maana wapo wanaolitaja kama chuki dhidi ya Wakenya walioko ughaibuni. Uraia si pasipoti ya kupita haraka kwenye uwanja wa ndege. Ni kifungo cha kisheria kinachoipa dola haki juu ya mtu. Korea Kusini, kwa mfano, humtaka kijana wa kiume aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili achague mmoja kabla ya mwisho wa Machi mwaka anaotimiza miaka 18, na kwa miaka mingi aliyepitwa na tarehe hiyo hakuweza kuuacha uraia wa Korea mpaka suala la utumishi wake wa jeshi limalizike. Ilibidi Mahakama ya Katiba ya huko iseme mwaka 2020 kwamba ukali huo haupatani na katiba. Mtu wa namna hiyo akivaa sare ya Kenya, kuna jeshi jingine ambalo kwa sheria za nchi yake linamdai. Marekani nayo, katika sheria yake ya uhamiaji na uraia, inataja kutumikia jeshi la nchi nyingine kwa cheo cha afisa kuwa miongoni mwa matendo yanayoweza kumwondolea mtu uraia, iwapo alilitenda kwa hiari na kwa nia ya kuuacha uraia huo. Kama Wamarekani wenyewe wanaona kwamba kamisheni katika jeshi la kigeni ni jambo la kumhoji raia wao, sisi tunaotoa kamisheni hiyo tuna sababu kubwa zaidi ya kuhoji.

Tutazame pia kazi halisi za afisa wetu. Wanajeshi wa Uingereza hufanya mazoezi Laikipia na Samburu chini ya makubaliano baina ya serikali mbili, na pamekuwapo malalamiko makubwa ya wananchi kuhusu mwenendo wa baadhi yao na madhara yaliyoachwa na mazoezi hayo. Afisa wa Kenya anayekaa mezani kuzungumzia malalamiko hayo hawezi kuwa pia raia wa Uingereza, si kwa sababu tunamshuku kuwa msaliti, bali kwa sababu mama aliyejeruhiwa na kilipuzi kilichoachwa malishoni ana haki ya kujua kwamba anayemsemea hana upande wa pili. Vivyo hivyo kwa wale walioko Somalia, ambako majeshi yetu yamekuwapo tangu Oktoba 2011. Afisa akitekwa au akishtakiwa kwa jambo lililotendeka vitani, swali la ni serikali gani inayomdai na kumtetea halipaswi kuwa na majibu mawili.

Kwa hiyo tusibishane juu ya kuukana. Tuzungumze juu ya wakati.

Ni nani hasa anayeguswa? Mara nyingi si mtu aliyekwenda kuutafuta uraia wa pili kwa hesabu zake. Ni kijana ambaye wazazi wake walikuwa wanafunzi Marekani alipozaliwa, akawa raia wa huko siku hiyohiyo kwa mujibu wa Marekebisho ya 14 ya katiba yao, ya mwaka 1868, na papo hapo akawa Mkenya wa kuzaliwa kwa sababu Kifungu cha 14 cha Katiba yetu kinamtambua mtoto wa mama au baba Mkenya popote alipozaliwa. Ni binti aliyezaliwa Uingereza na mama Mkenya mwenye ukaazi wa kudumu, maana tangu mwaka 1983 kuzaliwa tu katika ardhi ya Uingereza hakutoshi; lazima mzazi mmoja awe raia au mkaazi wa kudumu. Watoto hawa wamerudi nyumbani, wamesoma shule zetu, wamefanya mtihani wa kidato cha nne pamoja na wenzao. Nimefundisha Historia na Serikali katika shule za upili kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na wachache wa namna hii niliowafundisha hawakutofautiana na wenzao katika kuipenda nchi; pengine waliipenda kwa bidii zaidi, kama mtu anayejua kwamba atahojiwa.

Kijana huyo anapotaka kwenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya kule Lanet, anakabiliwa na mambo mawili yasiyolingana. Upande mmoja kuna usaili ambao waombaji ni wengi na nafasi ni chache mno, na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba atafaulu vipimo vya afya, mbio, mtihani na mahojiano. Upande wa pili kuna tendo ambalo likishafanyika halirudishwi. Kuukana uraia wa Marekani, mtu hufika mwenyewe mbele ya afisa wa ubalozi nje ya nchi hiyo, akaapa, kisha hati ya kupoteza uraia hutolewa baada ya kuidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje kule Washington. Ada yake, iliyokuwa dola 450 ilipoanzishwa mwaka 2010, iliwahi kupandishwa hadi dola 2,350 mwaka 2014, kiasi ambacho kwa mshahara wa mwalimu hakikuwa jambo la kulipa kwa majaribio. Isipokuwa kwa aliyeukana akiwa chini ya umri wa miaka 18, ambaye anaruhusiwa kuomba urejeshwe katika miezi sita baada ya kufikisha umri huo, tendo hilo huhesabiwa kuwa la kudumu.

Tukimtaka kijana alete hati ya kuukana uraia ndipo aruhusiwe kupanga foleni ya usaili, tunamtaka alipe gharama yote kwa tumaini tupu. Akishindwa kwa sababu ya unyayo bapa au jino, atakuwa ameachia haki aliyozaliwa nayo na hana kamisheni. Wengi hawatafanya hivyo, na hatuna haki ya kuwaita waoga. Watakaothubutu watakuwa wale wenye wazazi wenye fedha za kucheza kamari ya namna hiyo, au wale ambao uraia wa pili hauwagharimu chochote kuuacha.

Sheria zetu wenyewe zimekwisha kuonyesha njia. Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012, katika kifungu chake cha 31, inasema kwamba mwenye uraia wa nchi mbili akichaguliwa au kuteuliwa kuwa afisa wa Serikali, hataingia ofisini kabla ya kuukana rasmi uraia ule mwingine. Mpangilio ni huo: uteuzi kwanza, kuukana baadaye, kisha ofisi. Mbunge, waziri na Mkuu wa Majeshi wanapewa nafasi ya kujua kwamba wameipata kazi kabla ya kuukata uzi. Lakini luteni wa pili si afisa wa Serikali kwa maana ya Katiba. Upande wa jeshi wanaotajwa katika Kifungu cha 260 ni Mkuu wa Majeshi na makamanda wa matawi yake. Hivyo ukubwa umepewa utaratibu ulioandikwa ndani ya sheria, na udogo unategemea busara ya anayeketi mezani siku ya usaili. Sioni sababu yoyote ya haki ya kumtendea mtoto wa miaka ishirini kwa ukali kuliko tunavyomtendea waziri.

Ninachopendekeza ni hiki. Mwombaji atangaze uraia wake wote katika fomu ya kwanza kabisa, bila hilo kumwondolea alama hata moja. Asailiwe kama wenzake. Akishafaulu na kuchunguzwa, apewe barua ya kukubaliwa yenye sharti, inayosema kwamba nafasi ni yake mradi awasilishe uthibitisho wa kuukana uraia wa pili kabla ya kula kiapo cha afisa. Kwa barua hiyo mkononi aende ubalozini. Na kama uthibitisho utachelewa kwa sababu ambazo si zake, nafasi yake ihamishiwe kundi linalofuata, isifutwe.

Hilo la kuchelewa silitaji kwa kubuni. Seneta Katy Gallagher wa Australia, aliyezaliwa Canberra na kuurithi uraia wa Uingereza kupitia baba yake, alituma tamko lake la kuukana mwezi Aprili 2016, kabla ya kugombea. Uchaguzi ukafanyika Julai. Wakuu wa Uingereza wakalisajili tamko hilo Agosti. Mwezi Mei 2018 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua kwamba hakustahili kuchaguliwa, kwa kuwa siku ya kuwasilisha jina lake bado alikuwa raia wa Uingereza, na kwamba kuchukua hatua kwa wakati hakutoshi ikiwa sheria ya ile nchi nyingine haimfungii mtu kabisa njia ya kujitoa. Alipoteza kiti, akarudi bungeni baada ya uchaguzi wa 2019. Mwaka mmoja kabla ya uamuzi huo, wanasiasa wengi wa nchi hiyo, akiwemo Naibu Waziri Mkuu Barnaby Joyce, walikuwa wamegundua kwamba walikuwa raia wa nchi nyingine kwa kurithi bila wao kujua. Hao ni watu waliokuwa na mawakili. Sisi tunamtegemea kijana aliyemaliza shule juzi ajue zaidi yao, na akicheleweshwa na karani wa nchi ya mbali kwa miezi minne, aitwe mtu aliyeficha.

Naijua hoja itakayotolewa dhidi yangu, na naiheshimu. Watasema kwamba anayeipenda nchi hasubiri barua ya kukubaliwa. Anaukana uraia wa kigeni kwanza, na hiyo ndiyo dalili ya moyo wake. Nimeisikia kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu jeshini, naye hakuwa akisema maneno ya kujionyesha. Lakini tulipime jambo lenyewe kwa uadilifu. Kwanza, hatumtaki mwombaji mwingine yeyote athibitishe mapenzi yake kwa kutupa kitu kabla hajajua kama anahitajika. Mhandisi anayeomba uafisa haachi kazi yake siku ya kujaza fomu, na hakuna anayemwona kuwa vuguvugu kwa sababu hiyo. Pili, usalama wa taifa haupungui hata chembe kwa mpangilio ninaoupendekeza, kwa kuwa hakuna atakayekula kiapo cha afisa au kuonyeshwa siri akiwa na uraia wa pili. Tatu, na hili ndilo zito, sharti linalotangulia usaili haliwachuji wasio waaminifu. Asiye mwaminifu hataukana, atanyamaza.

Tukae hapo kidogo, kwa sababu naamini hatari kubwa iko hapo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 tayari inamtaka kila mwenye uraia wa nchi mbili autangaze katika miezi mitatu, na kutoutangaza ni kosa la jinai. Kijana ambaye familia yake haikuwahi kutangaza, ama kwa kutojua ama kwa uzembe, akikutana na fomu ya jeshi inayomwuliza juu ya uraia mwingine, anajikuta kati ya kujishtaki na kusema uongo. Kama hajui kwamba kusema ukweli kutamletea utaratibu wa haki, kuna uwezekano mkubwa atasema uongo, na kuanzia siku hiyo tutakuwa na afisa anayebeba siri ambayo mtu mwingine yeyote akiijua anaweza kumtishia nayo. Pasipoti iliyofichwa chini ya godoro ni ya hatari kuliko iliyowekwa mezani. Marekani ilijifunza hili kwa njia ndefu: mwaka 2000 Wizara yake ya Ulinzi ilitoa mwongozo wa kuwataka wenye idhini ya kuona siri wasalimishe pasipoti zao za kigeni, lakini miongozo iliyoanza kutumika Juni 2017 inasema kwamba uraia pacha peke yake haumwondolei mtu sifa, kinachopimwa ni mwenendo wake, na hasa kama alificha. Sipendekezi tuwaige kwa yote. Katiba yetu imesema tofauti, na ninaridhika nayo. Ninachochukua kwao ni jinsi walivyoweka kuficha kuwa kosa na kutangaza kuwa jambo la kawaida. Wizara ya Ulinzi ikishirikiana na Idara ya Uhamiaji inaweza kutangaza kipindi ambacho mwombaji wa jeshi atatengeneza kumbukumbu zake za uraia bila kushtakiwa, na hilo halihitaji fedha wala jengo.

Kuna swali jingine ambalo lazima lijibiwe kwa maandishi: uanajeshi huanza siku gani kwa makusudio ya Kifungu cha 78? Kurutu na kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, wanaingia chuoni, wanavaa sare, wanaamrishwa, lakini bado wanaweza kurudishwa nyumbani kwa kushindwa mafunzo au kwa kuumia. Ikiwa kuukana kunatakiwa siku ya kuripoti Lanet, basi anayeumia goti mwezi wa tatu amepoteza vyote viwili. Ikiwa kunatakiwa kabla ya kamisheni, basi ana muda wa kutosha wa kukamilisha taratibu za ubalozi huku mafunzo yakiendelea, ila atakuwa amefundishwa mambo ya kijeshi akiwa bado raia wa nchi nyingine. Maoni yangu ni kwamba kadeti aruhusiwe kuanza mafunzo akiwa amekwisha kuwasilisha ombi la kuukana, na asipewe kamisheni hadi uthibitisho ufike. Nakiri kwamba wanasheria wa jeshi wanaweza kulisoma neno mwanajeshi kwa ukali zaidi. Wakilisoma hivyo, waseme, ili anayeingia ajue anaacha nini na kwa ajili ya nini.

Nimekuja kwenye sehemu ambayo naona haizungumzwi kabisa. Kifungu cha 78, katika ibara yake ya tatu, kinasema kwamba katazo la uraia pacha halimhusu mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine kwa nguvu ya sheria za nchi hiyo, pasipo uwezo wa kujitoa. Wabunge walikutana na suala linalofanana na hili mwaka 2019, walipomtaka Bi. Mwende Mwinzi, aliyekuwa ameteuliwa balozi nchini Korea Kusini, aukane uraia wa Marekani aliozaliwa nao, naye akaenda mahakamani. Mjadala ule ulikuwa wa mabalozi, lakini ndani yake mlikuwa na swali linalowahusu wanajeshi moja kwa moja: aliyezaliwa na uraia wa pili ana uwezo wa kujitoa au hana? Kwa uraia wa Marekani au Uingereza naona jibu ni jepesi, kwa sababu nchi hizo zina fomu, ada na utaratibu wa mtu mzima kujitoa. Argentina, kwa upande wake, haimruhusu aliyezaliwa katika ardhi yake kuukana uraia huo. Iran, kwa sheria yake ya kiraia, humtaka anayejitoa awe ametimiza miaka 25, awe amemaliza utumishi wa jeshi la huko na apate kibali cha Baraza la Mawaziri. Kumwambia kijana Mkenya mwenye baba Mwirani akatumikie jeshi la Iran ili apate ruhusa ya kutumikia letu ni jambo ambalo waliotunga ibara hiyo ya tatu hawakulikusudia hata kidogo.

Na tusidhani kwamba haya ni ya nchi za mbali. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara yake ya 10, inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu yeyote, awe amezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye mmoja wa wazazi au wa babu na bibi zake alikuwa raia wa kuzaliwa wa Uganda wakati mtu huyo alipozaliwa. Isome tena taratibu, kisha ufikirie Busia, Malaba na Lwakhakha, ambako ndoa huvuka mpaka kila msimu. Kijana wa Teso ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa Mganda hajawahi kushika kitambulisho cha Uganda, hajawahi kuomba chochote kwa serikali ya Kampala, na hana habari kwamba katiba ya jirani inaweza kumhesabu kuwa wake. Je, huyo ana uraia pacha kwa maana ya Kifungu cha 78? Na kama anao, amefanywa raia pasipo uwezo wa kujitoa, au anatakiwa avuke mpaka akaukane uraia ambao hakuwahi kuujua? Sheria isiyomjibu kijana huyu inamwacha mikononi mwa jirani mwenye wivu atakayeandika barua ya siri siku jina lake litakapotoka. Jibu ninaloliona la haki ni kwamba asiyewahi kutumia, kuomba wala kuthibitishiwa uraia wa pili atoe tamko mbele ya kamishna wa viapo kwamba haudai na hataudai, na hilo litoshe.

Nigusie pia, kwa ufupi, Wakenya wa kuandikishwa, yaani wasio wa kuzaliwa, waliopewa uraia kwa kuuomba. Raia wa kuzaliwa akiukana uraia wa pili hana hofu ya kubaki bila nchi. Aliyeandikishwa, kwa mujibu wa Kifungu cha 17, anaweza kufutiwa uraia wa Kenya kwa sababu kadhaa, kama vile kuupata kwa ulaghai au kuhukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi katika miaka mitano ya kwanza. Akiwa ameukana wa awali kwa ajili ya kamisheni, kisha akafutiwa huu, atabaki si wa popote. Wanaopokea tamko lake wamweleze hatari hiyo kabla hajatia sahihi.

Naiomba Wizara ya Ulinzi iyaweke majibu ya maswali haya ndani ya tangazo lenyewe la kuajiri, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na ichapishe mfano wa ile barua ya kukubaliwa yenye sharti ili balozi za kigeni jijini Nairobi ziitambue. Naiomba pia Kamati ya Bunge la Taifa inayohusika na Ulinzi, Ujasusi na Mashauri ya Kigeni ilete marekebisho mafupi yatakayompa kadeti mpangilio uleule ambao kifungu cha 31 cha Sheria ya Uongozi na Maadili kinampa waziri, na yataje wazi maana ya kukosa uwezo wa kujitoa. Yote hayo yanaweza kukamilika kabla ya usaili ujao wa makadeti, na wazazi wenye watoto wanaojitayarisha kwa usaili huo watakuwa wanalisoma gazeti hili kwa kungoja jibu.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu na msomaji wako,
Nakuru